Mapigo ya moyo na mkono usiotulia

Leo tuziache kidogo habari za bumu na mitihani. Watu hapa Malimbe wananiuliza hicho kidude nilichofunga mkononi ni saa ya aina gani. Jamani, si saa. Ni kipima mapigo ya moyo nilichojitengenezea mwenyewe: kitaa cha LED cha kijani, fotodayodi moja, Arduino na kipande cha lastiki ya nguo. Nasomea ualimu wa fizikia na hesabu, na ningependa siku moja wanafunzi wangu wakitengeneze wenyewe. Shida ni moja tu. Nikikaa, kinahesabu vizuri. Nikitembea, kinahesabu hatua zangu na kuziita moyo. Nikajiuliza, waliotutangulia waliitatuaje hii? Nimekuta ni vita vya miaka mia nne.

Kila aliyepita kidato cha nne anaikumbuka praktiko ya pendulamu. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1600, daktari Mwitaliano Santorio Santorio aliitumia pendulamu hiyo hiyo kupima mapigo. Alishika mkono wa mgonjwa, akarefusha na kufupisha uzi mpaka bembea ilingane na mapigo, kisha akasoma urefu wa uzi. Mwaka 1707 Mwingereza John Floyer akaandika kuhusu saa yake ya kuhesabia mapigo kwa dakika moja. Lakini angalia: kwa wote wawili, kihisi kilikuwa kidole cha daktari. Mgonjwa akitikisika, daktari anajua, anasubiri, anaanza upya. Chujio lilikuwa kichwani mwa mtu.

Matatizo yalianza mashine ilipochukua nafasi ya kidole. Mwaka 1860 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kifaa cha kufunga kwenye kifundo cha mkono. Springi ililala juu ya mshipa, na kijiti kirefu kikachora mapigo kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Kazi nzuri sana, ila kijiti hakina akili. Mkono ukicheza, nacho kinachora tu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Alrick Hertzman akaacha springi akatumia mwanga: damu ikiongezeka kwenye ngozi, mwanga unaorudi unapungua. Hiyo ndiyo njia ya kidude changu. Na yeye alionya mapema kwamba kifaa kisisuguane na ngozi.

Kwa nini mwendo unasumbua hivyo? Kwanza, sehemu ya mwanga inayobadilika kwa sababu ya moyo ni ndogo mno, mara nyingi kama asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote. Kifaa kikisogea kidogo, au damu ya veni ikichezacheza, badiliko hilo linafunikwa. Pili, moyo hupiga kati ya mara 60 na 180 kwa dakika. Mtu anayetembea kawaida hupiga hatua kama 100 hadi 120. Yaani hatua zimeketi katikati ya eneo la moyo! Huwezi kuweka chujio la kawaida ukasema "pitisha hiki, zuia kile", maana vyote vinapita mlango mmoja.

Sasa njoo kwa mzee ninayempenda kuliko wote, Takuo Aoyagi wa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anapima kitu kingine kabisa, damu anayosukuma moyo, kwa kufuatilia rangi maalumu kupitia mwanga sikioni. Kwake, mapigo ndiyo yalikuwa kero! Yaliichafua grafu yake. Alipotafuta hesabu ya kuyafuta kwa kutumia mwanga wa aina mbili, akagundua kwamba oksijeni ikibadilika ufutaji unaharibika. Asingelitupa hilo. Mwaka 1974 akaliwasilisha, na ndiyo chanzo cha oksimeta ile inayobanwa kidoleni hospitalini. Alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inakitafuta kifaa hicho kwa ajili ya Korona.

Njia ya pili ilitoka Marekani, na Msukuma ataielewa haraka. Kwenye mashindano ya ngoma, kama ya Bulabo pale Bujora, Bagalu na Bagika wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi na ngoma yake. Umesimama katikati, unasikia vurugu. Lakini kama sikio moja liko karibu na Bagika na unaujua mdundo wao, unaweza kuuondoa kichwani ukabaki na Bagalu. Bernard Widrow na wenzake walieleza hesabu ya jambo hilo mwaka 1975. Mfano wao mmoja ulikuwa kuondoa moyo wa mama ili wa mtoto aliye tumboni usikike. Kampuni ya Polar ya Finland ilipita pembeni: mwaka 1982 ilitoa kipimo kinachosoma umeme wa moyo kwa mkanda wa kifuani, saa ya mkononi ikawa ya kusomea tu.

Mimi nimefuata akina Widrow. Lastiki imekaza kiasi, si ya kukata damu. Kidude kimepanda juu kidogo ya mfupa wa kifundo. Kitambaa cheusi kinazuia jua. Kisha nimeongeza akselerometa, yaani kipima mchapuko. Huyu ndiye sikio la upande wa Bagika: anasikia hatua tu. Programu inapunguza alichosikia kutoka kwenye mwanga, kidogo kidogo, mpaka kinachobaki kisifanane na hatua. Napanda mlima wa hosteli na namba inapanda taratibu kama moyo, hairukii tena kwenye hatua.

Usidhani ni mchezo. Melanini inameza mwanga wa kijani kuliko mwekundu, kwa hiyo kwenye ngozi kama yangu alama ya moyo ni ndogo zaidi, lakini hatua ni zile zile. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walitangaza kwamba oksimeta zilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Na mtoto mwenye nimonia hatulii, analia, anapiga mateke. Namba anayoitazama nesi inatoka kwenye mkono huo huo unaocheza. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, Brian Gitta na wenzake walishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2018 kwa Matibabu, kifaa cha kutafuta malaria kwa mwanga kidoleni. Kwa hiyo tunaweza.

Tangu Santorio tulimwambia mgonjwa "tulia". Waliofanikiwa zaidi ni wale walioupima mwendo wenyewe badala ya kuugombeza. Tukivitengeneza na kuvijaribu hapa, kwenye ngozi zetu na barabara zetu za mawe, vitatusoma sawasawa.