Ziwa Rukwa kwa mtumbwi: Namna ya kupanga safari ya siku kadhaa kati ya Momba na Songwe

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayesimama Tunduma na kutazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde si rahisi afikiri kwamba mpaka ule una uhusiano na kazi ya kubeba vyombo vya majini mabegani. Mwaka 1881 tajiri wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha za kutengeneza barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883 akiwa kazini. Hata hivyo, njia hiyo ndiyo iliyopitisha vipande vya meli ya Good News, mali ya wamisionari wa London Missionary Society, vilivyosafirishwa kutoka Uingereza kupitia mito ya Zambezi na Shire na Ziwa Nyasa, kisha vikabebwa na wapagazi hadi Tanganyika, ambako meli iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1885. Wajerumani na Waingereza walipogawana ardhi kwa mkataba wa Julai 1890, Waingereza hawakukubali kuiachia barabara ile. Mpaka ukapita kaskazini yake.

Simulizi hilo si la kale tu. Yeyote anayetaka kusafiri kwa mtumbwi siku kadhaa katika mkoa wa Songwe leo atakabiliwa na swali lilelile la wapagazi wa mwaka 1885: maji yanaishia wapi, na kutoka hapo mzigo utabebwa na nani? Katika miaka ya karibuni baadhi ya vijana wa mijini wamependa matembezi ya porini, na wengi wanaanza kwa kununua vifaa. Ni afadhali kuanza na ramani.

Kwanza, jina lenyewe linapotosha. Kuna mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja unatoka nyanda za juu karibu na Mbeya na kuelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Rukwa. Mwingine ni mpaka wa Tanzania na Malawi, ukipita Ileje na Kyela na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Huo wa kusini una tabia ya kuhamahama katika uwanda wake wa chini, kiasi kwamba ardhi ya mkulima inaweza kujikuta ng'ambo ya pili baada ya masika. Serikali za nchi mbili zimekuwa na programu ya pamoja ya kuudhibiti kwa mabwawa na kuimarisha kingo. Kwa msafiri wa mtumbwi maana yake ni kwamba kila ukingo ni nchi, na kulala upande wa pili bila kugongesha muhuri wa uhamiaji ni kosa. Kwa sababu hiyo makala haya yanashughulika na upande wa Rukwa.

Upande huo una kikwazo chake. Tunduma na Vwawa ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Mto Momba, unaoanzia Zambia karibu na Mbala ukiitwa Saisi, pamoja na Songwe ya kaskazini, lazima ishuke tofauti hiyo ya mamia ya mita ili kufika bondeni. Inashuka kwa makorongo na maporomoko. Watu hupenda kuuliza iwapo inawezekana kupanda mtumbwi karibu na barabara kuu na kuteremka moja kwa moja hadi ziwani. Jibu la mwandishi ni hapana. Sehemu ile ya mteremko si ya kubeba mtumbwi kandokando ya maji, kwa kuwa kando zenyewe ni magenge. Mpango wa busara huanzia chini ya mteremko. Mtumbwi hupelekwa kwa gari kwa barabara inayochepuka Mlowo hadi Kamsamba, mahali ambapo daraja la Momba linaunganisha mkoa wa Songwe na Kilyamatundu mkoani Rukwa.

Kutoka hapo mzunguko unaofikirika ni huu: kuteremka Momba hadi ziwani, kufuata ufuko wa kusini kuelekea mashariki hadi mdomo wa Songwe, kisha kurudi Kamsamba kwa nchi kavu kupitia uwanda wa Ivuna, penye chemchemi za chumvi ambazo watu wamechemshia chumvi kwa karne nyingi. Mwelekeo huo haubadilishwi kwa hiari. Tupa jani kavu mtoni na uhesabu: likipita mita 10 kwa sekunde 5, mkondo unakwenda mita 2 kwa sekunde, yaani kilomita 7.2 kwa saa. Wapiga kafi wa kawaida wenye mzigo huenda kilomita 4 hadi 6 kwa saa katika maji yaliyotulia. Hawawezi kupanda mto wa namna hiyo hata kwa dakika kumi.

Jambo gumu kuliko yote ni kina cha maji. Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutoka. Maji yanayoingia hutoka kwa jua peke yake, na hivyo kiwango chake hupanda na kushuka kuliko maziwa makubwa jirani. Joseph Thomson alilifikia mwaka 1880. Mwaka 1929 lilikuwa limekaribia kukauka, na mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalijaza tena. Nyanda za majani zinazolizunguka ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu barani Afrika, na maji yanapopanda hufunika sehemu ya mazalio hayo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ufuko ukiinuka mita 1 tu katika kila kilomita, maji yakipanda nusu mita ukingo utasogea mita 500 kwenda nchi kavu. Yakishuka kiasi hicho, mahali ulipotarajia kupiga kafi patakuwa tope la magoti kwa nusu kilomita. Kwa hiyo ramani iliyochapwa miaka mingi iliyopita itakuonesha vilima kwa usahihi na kukudanganya kuhusu ufuko. Picha za setilaiti za mwezi huohuo ni bora zaidi, na zinapatikana bure kwenye intaneti. Bora kuliko hizo ni mazungumzo na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, kisha na wavuvi wenyewe. Mvuvi asiulizwe kama maji ni mengi. Aulizwe yanamfika wapi mwilini anaposimama mahali fulani, na mwezi uliopita yalimfika wapi.

Mvua za ukanda huu ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Mito hufurika mwishoni mwa msimu, na kufikia Oktoba Momba hubaki vijito vinavyopita kati ya fungu na fungu la mchanga. Mei na Juni ndiyo miezi inayofaa: mto bado una maji na njia za magari zimeanza kukauka. Anayechelewa hadi Septemba aongeze idadi ya mara atakazoshuka na kuuburuta mtumbwi mchangani. Hata majeshi yamewahi kuadhirika kwa jambo hilo. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika kwa reli, barabara na mito. Zilipofika mto Lualaba mwishoni mwa kiangazi zilikwama mchangani mara nyingi, baada ya kuvuka milima salama.

Anayelazimika kusafiri mvua zikiwa bado zinanyesha azingatie kwamba mto unaweza kujaa usiku ilhali anga juu ya kambi ni nyeupe, kwa sababu mvua ilinyesha nyanda za juu. Kijiti huchomekwa ukingoni jioni mahali maji yanapoishia. Kikizama kabla ya kulala, kambi ihamishwe saa hiyohiyo. Mitumbwi isiachwe ikielea kwa kamba. Ivutwe juu na kufungwa kwenye mti.

Sasa mzigo. Mtumbwi wa gogo, pamoja na uimara wake, haubebeki na watu wawili. Safari yenye vipande vya nchi kavu huhitaji mtumbwi mwepesi wa faiba, wenye uzito wa kilo 35 hivi. Tuseme watu wanne, mitumbwi miwili, siku saba: mitumbwi ni kilo 70. Unga nusu kilo kwa mtu kwa siku ni kilo 14, na dagaa, maharage, chumvi na sukari hufikisha chakula kilo 20. Maji ya Rukwa yana magadi na hayafai kutegemewa, hivyo ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Akiba ya siku mbili ni lita 32, yaani kilo 32. Mahema, sufuria, dawa na kamba ni kilo 40. Jumla ni kilo 162. Watu wanne watabeba mitumbwi kwanza, kisha warudi kuchukua kilo 92 zilizobaki, kilo 23 kila mmoja. Kwenda, kurudi na kwenda tena ni mara tatu. Kipande cha kilomita 4 kinakuwa matembezi ya kilomita 12, sawa na saa nne au zaidi juani. Wanaopanga safari kwa kupima umbali kwenye ramani husahau kuzidisha kwa tatu.

Habari njema ni kwamba bondeni kuna wafugaji wenye mikokoteni ya ng'ombe. Kipande kirefu cha Ivuna kisifanywe kwa mabega. Mapatano yafanywe kabla ya kuondoka, mbele ya mtendaji wa kijiji, ambaye kwa vyovyote anatakiwa kuwa na taarifa ya wageni. Anayekusudia kuendelea kaskazini-magharibi hadi eneo la Pori la Akiba Uwanda anahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Ziwani, saa za kazi ni asubuhi. Kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki huwa na nguvu, na katika ziwa la kina kifupi huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo huujaza mtumbwi haraka kuliko yale marefu ya maji ya kina. Kuanza saa 12 alfajiri na kutua saa 5 asubuhi ni saa tano. Kwa mwendo wa kilomita 4, hiyo ni kilomita 20 kwa siku, na mpango usidai zaidi. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea muda wote. Likiwa limefungwa kwenye mizigo halina faida.

Mamba na viboko ni wengi. Kiboko aliye kwenye maji mafupi anapotishika hukimbilia kilindi, na hatari ni kuwa kati yake na kilindi hicho. Gonga ubavu wa mtumbwi kila unapokaribia kona ya mto ili akusikie mapema. Usiku hutoka kula majani kwa njia zake zilezile, hivyo hema lisisimamishwe kwenye njia iliyokanyagwa inayopanda kutoka majini, hata kama ndipo pekee penye usawa. Maji ya kuoga na kupikia yachotwe kwa ndoo yenye kamba, mchotaji akiwa mbali na ukingo. Maji yote ya kunywa yachemshwe. Kichocho kipo katika maji ya bondeni, malaria ipo, na kipindupindu kimewahi kuzikumba kambi za wavuvi.

Mpango wa siku tano za kusafiri upewe siku mbili za akiba kwa ajili ya upepo, na akiba hiyo isitumiwe kwa kupumzika mwanzoni. Nakala ya ratiba iachwe kwa mtendaji wa Kamsamba na kwa jamaa mmoja mjini, ikiwa na majina ya vijiji vya kulala, rangi ya mitumbwi na saa maalumu ya siku ya saba. Ikifika saa hiyo bila simu, jamaa huyo asisubiri hadi kesho yake. Mtandao wa simu katika sehemu kadhaa za ufuko ni hafifu, kwa hiyo simu ya kwanza ipigwe mara msafiri apatapo mawimbi, kabla ya kufungua mizigo.