Neno "kuuza" tulilitoa wapi?

Huenda umewahi kuambiwa kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki walifundishwa biashara na wageni, na kwamba ushahidi uko kwenye lugha yenyewe. Kwa haraka haraka hoja hiyo inashawishi. Soko limetokana na suq la Kiarabu. Dalali ni la Kiarabu pia. Bei imetokana na bay', ambalo huko lilikotoka ni tendo la kuuza, si kiasi cha pesa unachotajiwa. Hata biashara ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoungana, bay' na shira', yaani kuuza na kununua.

Lakini jiulize: kama tuliazima vyote hivyo, mbona kitenzi hatukuazima? Tunasema "kuuza", na hilo si neno la Kiarabu.

Hebu tuwasikilize majirani. Kwa Kinyarwanda, kununua ni kugura na kuuza ni kugurisha. Kwa Kichewa cha Malawi, kununua ni kugula na kuuza ni kugulitsa. Kwa Kinyankole cha Uganda ni okugura na okuguza. Umeona mtindo? Unachukua kitenzi cha kununua, unakipa kiambishi cha kusababisha, kama sisi tunavyotoka "soma" tukapata "somesha". Kuuza, kwa hesabu hiyo, ni kumfanya mtu anunue.

Utaniambia: sawa, ila sisi tunasema "nunua", na "nunua" haifanani na "uza" hata kidogo. Ni kweli. Hapo inabidi tufuate sauti.

Kwanza, Kiswahili kimeidondosha g ya zamani mahali pengi. Mnyarwanda anasema kugenda, sisi tunasema kwenda, na mzizi wetu ni -enda. Kwa njia hiyohiyo, -gula ingekuwa -ula. Pili, kiambishi cha zamani cha kusababisha huigeuza l kuwa z. Mtoto analala, mama anamlaza. Basi -ula inatupa -uza. Kitenzi mzazi hakimo tena katika Kiswahili sanifu, "nunua" imeshika nafasi yake, na mtoto kabaki peke yake. Ndiyo maana uhusiano huo hatuuoni.

Mwanaisimu Malcolm Guthrie aliukusanya mzizi huu pamoja na mingine mingi katika kazi yake Comparative Bantu, iliyotoka kati ya 1967 na 1971. Wataalamu huuandika *-gud-. Ile nyota inamaanisha kwamba umbo hilo halikupatikana limeandikwa popote. Limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizo hai.

Hii inathibitisha nini? Haithibitishi kwamba wazee wetu wa kale walikuwa na maduka na sarafu. Huenda "kununua" kwao ilikuwa kutoa mbuzi na kupewa majembe. Ila neno linalopatikana kuanzia Maziwa Makuu hadi Malawi, likifuata kanuni za sauti za kila lugha, halikushushwa bandarini kutoka jahazini. Tendo lilikuwa na jina la kienyeji. Maneno ya kuazima yanatuonyesha kilichoongezeka: njia mpya za kupanga bei, madalali, masoko ya aina nyingine.

Na wageni nao walijifunza. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinasema wafanyabiashara wa Muza, katika Yemen ya leo, waliofika Rhapta kwenye pwani yetu walioa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Lugha ya wakati huo haikuwa Kiswahili cha leo, lakini mwelekeo wa somo ni wazi: aliyetaka kununua pembe za ndovu ilimbidi aongee na mwenye nazo.

Leo neno limetanuka. Kuna anayeuza sura, kuna anayemuuza mwenzake, kuna timu inayouza mechi. Ukisikia hiyo ya mwisho kijiweni, sikiliza swali linalofuata. Karibu kila mara ni lile lililojificha ndani ya kitenzi chenyewe: nani kanunua?