MARADHI YA MBWA NA PAKA WA NYUMBANI

Maradhi ya mbwa na paka wa nyumbani ni jumla ya magonjwa, majeraha na sumu zinazowapata wanyama hawa wawili, ambao katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki hufugwa tangu zamani, mbwa kwa ulinzi na uwindaji, paka kwa kuwamaliza panya ghalani na jikoni, na wote wawili, mara nyingi, kwa usuhuba tu. Hesabu ya maradhi hayo ni kubwa, ila yale yauayo wengi ni machache, na mengi katika hayo machache yana kinga iliyo nyepesi: chanjo, dawa ya minyoo, na kuondolewa kupe na viroboto. Ikiwa bado wanakufa kwa maradhi yenye kinga, sababu kubwa ni kuwa mnyama hana ulimi wa kushitakia, na mwenyewe humtambua kuwa ni mgonjwa siku ambayo ugonjwa umekwisha kumdhoofisha. Hivyo elimu ya kwanza impasayo mfugaji ni kuijua hali ya mnyama wake angali mzima, ili mabadiliko yakitokea yasimpite machoni.

Kuutambua ugonjwa

Paka ana tabia ya kuyaficha maumivu, akajitenga uvunguni mwa kitanda au darini, na mbwa wa ulinzi huendelea kubweka hali ana homa. Kwa hiyo haifai kungoja kilio. Alama za mwanzo zimo katika ada za kila siku: chakula kilichobaki, maji yanywewayo kupita desturi, kinyesi kilicholainika, manyoya ya paka aliyeacha kujilamba, mbwa asiyeinuka bwana wake anapobisha mlango. Katika miji ya pwani jambo hili lina uzito wa peke yake kwa upande wa mbwa, maana kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa huku, mate ya mbwa ni najisi ambayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwa sababu hiyo mbwa huwekwa uani au nje, wala hapana amshikaye mara kwa mara. Kupe walio masikioni na kidonda kilicho chini ya mkia huonekana baada ya majuma. Haja ya kumwangalia mbwa kwa karibu hutimizwa bila ya taabu akiwapo mtu mwenye glavu wa kumkagua mara moja kwa juma, akianza masikioni, kisha makwapani, katikati ya vidole, na chini ya mkia.

Joto la mwili la mbwa na paka mzima huwa baina ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, yaani hulipita la mwanadamu, ndiyo maana mkono humhisi ana moto ilhali hana homa. Wala ukavu wa pua si ushahidi wa kutegemewa. Kilicho bora ni kuutazama ufizi. Mdomo ukiinuliwa kwa taratibu, ufizi wa mnyama mzima huonekana wa rangi ya waridi na wenye umajimaji. Ukibonyezwa kwa kidole hupauka, na kidole kikiondolewa rangi hurejea kabla ya kupita sekunde mbili. Ufizi mweupe ni dalili ya upungufu wa damu au ya damu kutozunguka vema, wa manjano huonyesha ini lililodhurika au chembe za damu zinazovunjika, na wa samawati hutangaza kukosa hewa. Mbwa wengi wana ufizi mweusi kwa maumbile yao, na hao hutazamwa ndani ya ukope wa chini. Kadhalika ngozi ya mabega ikivutwa juu na kuachwa, ikawa inakawia kurudi mahali pake, mwili umepungukiwa maji, ingawa kwa mnyama mkongwe au aliyekonda sana alama hii huweza kudanganya.

Maradhi ya virusi

Ugonjwa wa parvo, uliodhihiri ulimwenguni mnamo mwaka 1978, ndio uwapukutishao vilebu, yaani watoto wa mbwa. Kilebu huacha kula, hutapika, kisha huharisha damu yenye harufu nzito, na auawapo huuawa zaidi na kukauka kwa maji ya mwili na kuoza kwa damu, kwa hiyo msingi wa matibabu ni maji ya kudungwa mshipani na kuzuia maambukizo mengine. Virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviui, ila dawa ya klorini ya kufulia huvimaliza. Ndiyo sababu kilebu mpya anayeletwa katika ua alimofia mwenziwe, bila ya chanjo, hufuata njia ile ile. Paka nao wana ugonjwa ulio jamaa ya huo, ushambulio matumbo na chembe nyeupe za damu.

Distempa ya mbwa huanza kwa homa, kamasi na tongotongo, ikafuata kikohozi na kuhara, na huishia mara nyingi katika mishipa ya fahamu, ambapo mbwa hutetemeka au kuanguka kifafa. Madhara yake hayakomi uani: mwaka 1994 ugonjwa huu uliingia katika Serengeti ukaua takriban theluthi ya simba wa huko, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chimbuko lake.

Mafua ya paka, yaletwayo na virusi vya namna mbili, hayaui kwa wingi namna hiyo, lakini hutoa vidonda ulimini na kuziba pua, na paka asiyesikia harufu hali chakula. Samaki aliyepashwa moto kidogo, ili harufu yake ipande, huweza kumrejeshea hamu ya kula.

Chanjo za maradhi haya huanzwa mtoto akiwa na majuma sita hadi manane, zikarudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hata atimize majuma 16. Kurudiwa huko si israfu, kwani kinga aliyoipata mtoto kwa mamaye huibatilisha chanjo ya mapema, nayo hutoweka kwa wakati usio mmoja kwa watoto wote, na mfugaji aliyeridhika na sindano ya kwanza humwacha mtoto hana ya mama wala ya dawa.

Kupe, viroboto na minyoo

Kupe wa kahawia wa mbwa ana ada isiyo ya kupe wengine, kuwa huweza kuishi na kuzaana ndani ya nyumba, akijificha katika nyufa za ukuta na nyuma ya mbao za banda, na jike mmoja aliyeshiba damu hutaga mayai kwa maelfu. Kupe huambukiza mbwa maradhi mawili makuu ya damu: babesia, ambayo huvunja chembe nyekundu, ufizi ukawa mweupe na mkojo ukageuka wa hudhurungi, na erlikia, ambayo huweza kukaa kimya kwa miezi kisha ikadhihiri kwa kukonda na kutokwa damu puani. Yote mawili yana dawa ikiwahiwa, lakini daktari ndiye apimaye damu na kuamua, kwa kuwa tiba ya moja siyo ya jingine. Kupe mmoja mmoja hung'olewa kwa kibano kilichoshikwa karibu kabisa na ngozi, akavutwa wima. Kumchoma moto au kummwagia mafuta ya taa hakuna faida.

Viroboto waonekanao katika manyoya ni sehemu ndogo tu ya waliopo, maana mayai huanguka mkekani, zuliani na katika nyufa za sakafu, na huko hukua. Kumwosha paka mmoja bila ya kuanika na kufua malalo yake, na bila ya kuwatibu wenziwe, ni kazi isiyokoma. Kiroboto ndiye abebaye pia tegu, ambaye vipande vyake huonekana kandokando ya tundu la haja kama punje za wali mkavu, na tegu huyo hapotei kwa dawa ya minyoo peke yake ikiwa mnyama ataendelea kummeza kiroboto kila ajilambapo.

Minyoo ya mviringo humwingia kilebu angali tumboni mwa mamaye, na mtoto wa paka huipata kwa maziwa, kwa hiyo tumbo lililofura juu ya mbavu zilizotokeza si alama ya shibe. Dawa huanzwa kilebu akiwa na majuma mawili, ikarudiwa kila baada ya majuma mawili hata apite wakati wa kuachishwa ziwa. Minyoo ya safura hunyonya damu, na viluwiluwi vyake vilivyoko mchangani hupenya ngozi ya mtoto achezaye peku, vikaacha mistari iliyopinda yenye kuwasha sana. Kuzoa kinyesi cha mbwa uani na ufukweni ni kinga ya watu kabla ya kuwa usafi.

Ngozi, mkojo na sumu

Upele wa mbwa huanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, na utitiri wake huweza kumwasha hata amshikaye. Una dawa nzuri kwa daktari; yenye madhara ni ile desturi ya kumpaka mbwa oili chafu ya gari au mafuta ya taa, ambayo huunguza ngozi na humtia sumu ajilambapo, na vilevile dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia.

Paka dume anayekwenda mara kwa mara mahali pa haja, akachutama, akakamua na kulia pasipo kutoka kitu, wengi humdhania amefunga choo, ilhali huenda ni njia ya mkojo iliyoziba. Tumbo lake la chini huwa na donge gumu, nalo ni kibofu kilichojaa. Huyu hangojwi hadi kesho, kwani sumu za mkojo hurudi damuni na kifo hufuata katika muda wa siku mbili tatu.

Sumu nyingi hutoka kwa mkono wenye huruma. Parasetamoli, dawa ya kila nyumba, huua paka hata kwa kidonge kimoja, maana ini lake halina nguvu ya kuivunja kama la mwanadamu. Dawa za viroboto zenye pemetrini, zilizotengenezwa kwa mbwa, humtia paka mtetemeko na kifafa. Vitunguu huvunja damu ya wote wawili, na chokoleti hudhuru moyo wa mbwa. Sumu ya panya huchelewa kuonyesha athari, damu ikaanza kutoka baada ya siku kadhaa, hivyo aliyeonekana akiila apelekwe kwa daktari kabla ya dalili.

Kichaa cha mbwa

Katika maradhi yote ya mbwa na paka, kichaa cha mbwa ndio ugonjwa uuao mtu kwa hakika. Virusi vyake hukaa katika mate, huingia kwa jeraha la jino, na hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na muda huo ndio nafasi ya pekee ya kumwokoa aliyeumwa, nafasi ambayo Louis Pasteur wa Ufaransa aliitumia mwezi Julai 1885 aliposimamia chanjo ya mtoto Joseph Meister. Dalili zikishadhihiri, karibu hapana aponaye.

Si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Yuko anayepooza taya, mdomo ukabaki wazi na mate yakachuruzika, na mfugaji, akidhani mfupa umemkwama, humtia mkono kooni. Kitendo hicho kisifanywe. Aliyeumwa au kulambwa jerahani aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano, wala asimngojee mbwa aonyeshe dalili. Mbwa au paka aliyeuma, akiwa anaonekana mzima, hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Shirika la Afya Duniani huelekeza kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizo hukatika; na kisiwani Pemba chanjo ya mbwa iliyorudiwa imeonyesha kuwa jambo hilo hutendeka.

Uangalizi na gharama

Mwenye uwezo mdogo na apange matumizi kwa taratibu hii: kwanza chanjo ya kichaa, ambayo ni haki ya jirani pia, pili chanjo za utotoni, tatu dawa ya minyoo na ya kupe, nne kuhasi, ambako humwondolea jike hatari ya usaha wa mji wa mimba, humpunguzia dume kuzurura na kupigana, na huwaepusha mbwa na uvimbe wa tupu uambukizwao kwa kupandana. Amwendeapo daktari wa mifugo, achukue cheti cha chanjo na ganda la dawa yoyote aliyokwisha kumpa mnyama, na aeleze ni tangu lini hali, tangu lini hanywi, na kama amekojoa. Kwa maelezo hayo daktari hujua ni vipimo gani vya kuanza navyo, na mgonjwa hapotezi wakati kwa kutibiwa ugonjwa asio nao.