Mcheza Kwao Hutunzwa: Tim Tebow kati ya Florida na Ligi ya Kulipwa

Tangu Tim Tebow alipoondoka Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2010, mabishano juu yake yamefungamanisha maswali mawili yasiyo na jibu moja. La kwanza linahusu jambo lililokwisha kutendeka: aliacha nini chuoni? La pili lilikuwa utabiri: je, angefaa kuwa kotabeki wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani? Mashabiki wake walilijibu la pili kwa ushahidi wa la kwanza, wakihesabu mataji. Wakosoaji walisubiri aanguke, kisha wakarudi nyuma kuyashusha thamani mataji yaleyale. Kambi hizi mbili, pamoja na kupingana kwao kote, zinakutana katika kosa moja: zote zinauona mchezo wa chuo kuwa maandalizi tu ya kitu kingine.

Kwa msomaji aliyezoea soka, neno moja la utangulizi. Kotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, na ndani ya sekunde mbili tatu huamua aurushe mbele, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe hadi mstari wa mwisho ambako bao hupatikana. Katika soka hakuna nafasi inayobeba uamuzi mwingi kiasi hicho. Ndiyo maana sifa na lawama zote humwangukia yeye, hata zile zisizomhusu.

Tebow alizaliwa Makati, Ufilipino, mwaka 1987, mtoto wa wamisionari, akasomeshwa nyumbani na wazazi wake huko Florida. Msimu wa 2006 alikuwa akiba wa Chris Leak, akiingizwa pale zilipohitajika yadi chache za nguvu, na Florida ikatwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata timu ikawa yake. Alitoa pasi 32 za mabao na kufunga mengine 23 kwa miguu yake. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 20 kwa njia zote mbili katika msimu mmoja. Akapewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa pili kuipata tangu ilipoanza kutolewa mwaka 1935.

Hata hivyo, kilichomfanya awe Tebow hakimo kwenye takwimu. Tarehe 27 Septemba 2008 Florida ilifungwa nyumbani na chuo cha Ole Miss, 31 kwa 30. Dakika za mwisho, jaribio la nne na la mwisho, yadi moja tu ikihitajika, Tebow aliubeba mpira mwenyewe akazuiwa. Mbele ya waandishi wa habari aliomba radhi, akaahidi kwamba hakutaonekana tena mchezaji atakayejituma kama yeye wala timu itakayojituma kama yao msimu huo. Kijana wa miaka 21 aliyeshindwa anaweza kusema chochote. Tofauti ni kwamba Florida ilishinda mechi zote 10 zilizobaki, ya mwisho ikiwa fainali ya ubingwa dhidi ya Oklahoma, 24 kwa 14, mjini Miami. Maneno yale yakachongwa kwenye bamba ukutani mwa uwanja wa Gainesville, mji wa chuo hicho. Angeweza kwenda kulipwa wakati huo, lakini akarudi kwa mwaka wa nne. Timu haikupoteza mechi hadi Alabama ilipoifunga 32 kwa 13 katika fainali ya kanda, na picha ya Tebow akilia ikazunguka nchi nzima.

Urithi huo ulijengwa na mazingira mahsusi, na hapa wakosoaji wana hoja ya kusikilizwa. Kocha Urban Meyer aliwatawanya washambuliaji upana mzima wa uwanja ili walinzi watawanyike nao, kisha akampa kotabeki jukumu la kumtazama mlinzi mmoja na kuamua kukabidhi au kukimbia. Uwanja wenyewe ulisaidia. Katika mchezo wa chuo alama za katikati, ambako mpira huwekwa kabla ya kila shambulizi, zimeachana futi 40. Katika NFL ni futi 18 na nusu tu. Mpira wa chuo huanzia mara nyingi pembeni, ukiacha upande mmoja mpana wa kushambulia. Isitoshe, vyuo vya daraja la juu vilikuwa takriban 120 wakati NFL ina timu 32, hivyo kila mlinzi wa NFL alikuwa bora miongoni mwa bora.

Na kulikuwa na mkono wake. Tebow, anayerusha kwa mkono wa kushoto, aliushusha mpira hadi karibu na kiuno kabla ya kuupandisha na kuuachia. Mzunguko huo ulikula sehemu ya sekunde. Gainesville sehemu hiyo haikugharimu kitu kwa sababu mpokeaji alikuwa ameachwa wazi kabisa. Katika NFL mpokeaji huhesabiwa kuwa wazi akiwa na mlinzi hatua moja nyuma yake, na hiyo hatua moja ndiyo inayoliwa na mzunguko wa mkono. Chuoni takriban asilimia 66 ya pasi zake zilifika. Mwaka 2011, akiwa Denver katika NFL, zilifika asilimia 46.5. Siamini kwamba mtu husahau kurusha mpira ndani ya miaka miwili. Pasi alizotakiwa kurusha ndizo zilizokuwa nyingine.

Denver Broncos ilimchagua mwaka 2010 akiwa wa 25, juu zaidi ya walivyotarajia wengi. Msimu wa 2011 timu ilipokuwa imeshinda mechi moja na kupoteza nne, alipewa usukani. Mechi yake ya kwanza msimu huo ilichezwa Miami, kwenye uwanja uleule alikoifunga Oklahoma, na siku hiyohiyo wenyeji walikuwa wamealika kikosi cha Florida cha 2008 kuja kuenziwa. Kwa zaidi ya dakika 55 Tebow alikuwa kichekesho. Denver ilikuwa nyuma 15 kwa 0 zikiwa zimesalia chini ya dakika tatu. Ikashinda 18 kwa 15 katika muda wa nyongeza. Wiki iliyofuata Detroit iliicharaza 45 kwa 10. Baadaye ikaja mechi ya Kansas City ambayo ningependa kila mshiriki wa mjadala huu aitazame: Tebow alirusha pasi nane, zikafika mbili, na Denver ikashinda 17 kwa 10.

Kutokana na mechi kama hizo lilizaliwa dai maarufu kwamba Tebow ni mshindi tu, na kwamba takwimu zisemazo kinyume hazina maana. Dai hili ndilo daraja ambalo mashabiki walilitumia kuvuka kutoka chuoni hadi NFL, na halibebi mzigo. Dhidi ya Chicago mwezi Desemba, mpigaji Matt Prater alisawazisha kwa mkwaju wa yadi 59 na kushinda kwa mwingine wa yadi 51 katika muda wa nyongeza, baada ya mkimbiaji wa Chicago, Marion Barber, kutoka nje ya mstari na kuisimamisha saa ambayo ingewamalizia mechi. Walinzi wa Denver walikuwa wakiwazuia wapinzani wiki baada ya wiki. Kuyaandika yote hayo kwa jina la mtu mmoja ni kuwadhulumu wengine 52 waliokuwa kikosini.

Pamoja na hayo, wanaodai kwamba hakuwa na chochote cha kuipa ligi wanapaswa kueleza tarehe 8 Januari 2012. Siku hiyo Pittsburgh, ikiogopa mbio, iliwasogeza walinzi wake karibu na mstari. Shambulizi la kwanza la muda wa nyongeza, Tebow alimrushia Demaryius Thomas katikati, eneo likiwa tupu, na Thomas akakimbia hadi mwisho, yadi 80. Eneo lile lilikuwa tupu kwa sababu ya Tebow mwenyewe. Wiki moja baadaye New England haikuogopa chochote, ikashinda 45 kwa 10. Machi hiyo Denver ilimsajili Peyton Manning na kumpeleka Tebow New York Jets, na hakuanza tena mechi ya ligi kama kotabeki.

Je, alinyimwa nafasi? Wapo wanaomtaja kotabeki Lamar Jackson: Heisman ya 2016, kuambiwa na mtendaji mkongwe Bill Polian kwamba abadilishe nafasi, kuchaguliwa wa 32 mwaka 2018, kisha Baltimore ikaunda mfumo mzima kumzunguka naye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2019 kwa kura zote. Mfano huu una uzito, maana unaonyesha kwamba mustakabali wa mchezaji hauishi ndani ya mwili wake peke yake. Makocha nao huuamua. Lakini msimu huohuo Jackson aliongoza ligi kwa pasi za mabao, 36. Cam Newton, kotabeki mwingine aliyewahi kukaa benchi nyuma ya Tebow pale Florida, naye alikuwa na mkono wa kurusha. Mfumo ungeweza kumrefushia Tebow maisha ya NFL kwa miaka michache. Sidhani ungempa zaidi ya hapo.

Hitimisho hilo haliugusi urithi wake hata kidogo. Charlie Ward wa Florida State alishinda Heisman ya 1993, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, akaenda kucheza mpira wa kikapu New York Knicks. Tallahassee, mji wa chuo hicho, hakuna anayemwona mdogo kwa hilo. Tom Brady aligawana nafasi na Drew Henson kule Michigan, akachaguliwa wa 199, na mataji yake saba ya NFL hayakumfanya kuwa kotabeki mkuu zaidi katika historia ya Michigan. Mcheza kwao hutunzwa, na anatunzwa kwa alichokicheza hapo.

Kwa nini basi kosa hili la kuuona mchezo wa chuo kuwa maandalizi tu linadumu? Naona mzizi wake ni fedha. Enzi za Tebow chuo hakikumlipa mchezaji, hata pale jezi yenye namba yake ilipouzwa nchi nzima. Malipo yalikuwa NFL tu, na watu huchukulia kirahisi kwamba palipo na malipo ndipo penye thamani. Mwaka 2019 Tebow mwenyewe alipinga hadharani wachezaji kunufaika na majina yao, akihofia mapenzi ya chuo yatageuka biashara. Biashara ilikuwapo tayari, ila yeye hakuwa na hisa ndani yake. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza majina yao, na kuanzia 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Hofu yake, hata hivyo, haikuwa tupu: Joe Burrow, Caleb Williams na Jayden Daniels wote walitwaa Heisman katika chuo cha pili walichohamia. Kotabeki wa leo anaweza kulipwa stahili yake bila kusubiri NFL, na kwa sababu hiyohiyo ana sababu chache zaidi za kukaa Gainesville miaka minne.