Kitambaa Cheupe cha Mtakatifu Bartolomayo



Wapendwa, nilipokuwa seminarini niliwadharau wachoraji wa mambo ya mapenzi. Kwangu mimi picha yenye thamani ilikuwa ile ya kuwekwa altareni. Siku moja maktabani nilifungua kitabu cha sanaa, nikakuta kijana na msichana wamekumbatiana kando ya ukuta wa matofali. Nusura nigeuze ukurasa. Kisha nikaiona mikono yao: msichana anamfunga kijana kitambaa cheupe, naye kijana, huku akimkumbatia, anakivuta kitambaa hicho hicho kisifungike. Tangu siku hiyo nimempenda mchoraji John Everett Millais.

Millais, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1829, alipokelewa katika shule ya Royal Academy, London, akiwa na umri wa miaka 11 tu. Picha hiyo aliianza mwaka 1851, akaionyesha mwaka 1852. Mwanzoni alikusudia kuchora wapenzi wawili tu, lakini rafiki yake William Holman Hunt aliona kwamba jambo hilo halina uzito. Ndipo Millais akaigeukia opera ya Meyerbeer, Les Huguenots, ambamo msichana Mkatoliki anajaribu kumwokoa mpenzi wake Mprotestanti kwa alama ya Kikatoliki.

Alama hiyo ina historia inayotuhusu. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1572, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo Mtume, Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walianza kuuawa mjini Paris. Wengi wao walikuwa wamekuja kwa arusi ya Henri wa Navarre na dada yake Mfalme Charles IX, iliyofungwa siku sita kabla. Wauaji walitambuana kwa kitambaa cheupe mkononi. Mauaji yakaenea katika miji mingine, wakafa maelfu. Roma ilipata habari kana kwamba njama dhidi ya mfalme imezimwa. Papa Gregori XIII akaagiza uimbwe utenzi wa shukrani, Te Deum, ikatengenezwa medali, naye Giorgio Vasari akayachora mauaji hayo katika ukumbi wa Sala Regia, Vatikani. Michoro hiyo ipo hadi leo.

Tuwatazame basi wachoraji hawa wawili. Vasari, mwana wa Kanisa, alichora ushindi. Millais hakuwa Mkatoliki, na Uingereza ya siku zake ilikuwa imejaa hasira dhidi yetu, kwa kuwa Papa Pio IX alikuwa ameturudishia maaskofu nchini humo mwaka 1850. Angeweza kutuchora tukiwa na mapanga yenye damu, na watu wengi wangemshangilia. Badala yake, katika picha yake muuaji haonekani. Mkatoliki pekee tunayemwona ni yule anayependa na kusihi.

Hata hivyo, upendo wa msichana yule unaomba jambo zito: kijana aikane imani yake ili aishi. Naye anakataa bila kumsukuma wala kumkemea. Anamtazama kwa upole, akijua kwamba huenda hawataonana tena. Nakiri kwamba Mhugenoti huyu amenifundisha juu ya ushuhuda wa imani kuliko mahubiri mengi niliyoyatoa.

Tarehe 23 Agosti 1997, mkesha wa kumbukumbu ya mauaji hayo, Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa Paris na vijana wa dunia. Aliyataja mauaji yale waziwazi, akakiri kwamba Wakristo walitenda yale ambayo Injili inayalaani. Kanisa halikupungukiwa heshima kwa ungamo hilo.

Wapendwa, kitambaa kilekile kilikuwa alama ya kuua mkononi mwa mmoja, na alama ya kuokoa mikononi mwa mwingine. Nasi tunavaa rozari, medali na sare za vyama vyetu vya kitume. Wiki hii kila mmoja ajiulize: jirani asiye wa dini yangu akiiona alama niliyoivaa, je, anapata amani au anaingiwa na hofu?

Mungu awabariki nyote.