Neno Kasumba

Wazee wa pwani waliiita afyuni kwa jina la kasumba. Afyuni tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Wayunani. Kasumba husikika pia Gujarat, nayo ni afyuni iliyoyeyushwa katika maji. Mwaka 1898 heroini, iliyo mtoto wa afyuni, ilianza kuuzwa Ujerumani kuwa dawa ya kikohozi, ikawafunga watu.

Leo kasumba maana yake ni mawazo potofu yaliyomkaa mtu. Nasi twamhukumu mlevi wa heroini kana kwamba ugonjwa wake ni wazo tu. Lakini maumivu yake, waliyoyaita arosto, ni ya mwili hasa. Kwa hiyo mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwanywesha wagonjwa methadoni kila siku, ili arosto itulie. Basi tusimfukuze, tumpeleke hospitalini.