Gongo na Ulimi

Mji aliozaliwa Ralph Kiner haupo tena. Santa Rita, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ulisimama juu ya madini ya shaba, na mgodi ukapanuka hadi ukaumeza mji wenyewe. Alizaliwa huko tarehe 27 Oktoba 1922, akakulia California, akawa rubani wa jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1946 akaingia katika timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates.

Katika mchezo huo hakuna kimsisimuacho mtazamaji kama pigo la gongo linaloupeleka mpira nje ya ukuta. Hapo mpigaji huvizunguka vituo vyote kwa maringo, hana wa kumzuia. Kwa misimu saba mfululizo, 1946 hadi 1952, Kiner aliongoza Ligi ya Taifa kwa mapigo hayo, mara nyingine akilingana na mwenziwe. Hakuna mwingine aliyewahi kuongoza miaka mingi hivyo bila kukatika. Mwaka 1949 pekee alipiga 54. Timu yenyewe ilikuwa hohehahe. Watu walikuja kumtazama yeye, na yasimuliwa kwamba akishamaliza zamu yake ya mwisho, walianza kuondoka.

Shukrani ya punda ni mateke. Mwaka 1952 Pirates walishindwa michezo 112, lakini Kiner akawa tena kileleni kwa mapigo 37. Meneja mkuu, Branch Rickey, alitaka kumpunguzia mshahara. Hoja yake yajulikana hadi leo: tumeshika mkia pamoja nawe, twaweza kuushika bila wewe. Huyu ndiye Rickey aliyemfungulia mlango Jackie Robinson mwaka 1947, na kwa hilo anastahili sifa zote. Kwa mishahara mkono wake ulikuwa mzito. Juni 1953 Kiner akapelekwa Chicago. Maumivu ya mgongo yakamstaafisha mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 32 na mapigo 369.

Mwaka 1962 ikazaliwa New York Mets, timu iliyoshindwa michezo 120 katika msimu wake wa kwanza. Kiner akaketi kwenye kipaza sauti pamoja na Lindsey Nelson na Bob Murphy. Kushindwa hakukuwa kugeni kwake, wala hakukudharau. Alimweleza msikilizaji mpigaji anangoja mpira gani, na kwa nini amedanganyika. Lakini ulimi hauna mfupa, na wake uliteleza mno: Gary Carter akaitwa Gary Cooper, mcheza sinema, Siku ya Akina Baba ikapokea salamu za siku ya kuzaliwa. Wasikilizaji waliyahifadhi makosa hayo kama watu wahifadhivyo vijembe vya babu yao.

Mwaka 1975 aliingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kwa kura moja tu zaidi ya kiwango, katika nafasi yake ya mwisho ya kupigiwa kura na waandishi. Baadaye maradhi ya kupooza uso yakayafanya maneno yake yawe mazito. Mets hawakumwondoa, walimpunguzia siku za kazi. Msimu wa 2013, wa 52 tangu aanze, bado alisikika katika michezo michache. Alifariki tarehe 6 Februari 2014, akiwa na miaka 91, kabla msimu mwingine haujaanza.